Virutubisho kwenye akwaponiki ya nyumbani: pima pH kwanza, chuma baadaye

Akwaponiki ni kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale. Mchicha ukianza kupauka, wengi hukimbilia dukani kununua chuma. Mara nyingi chuma kimo majini tayari, ila mizizi haikipati kwa sababu pH (kipimo cha uasidi wa maji; chini ya 7 ni asidi) iko juu. Ukiongeza kingine juu yake, nacho kinaganda na kutulia chini ya kokoto, na pesa yako imeishia hapo. Ndiyo maana somo hili linaanza na chakula cha samaki, linapita kwenye pH, halafu ndipo linafika kwenye mambo matatu ambayo chakula cha samaki hakitoshelezi: chuma, potashi na kalsiamu.

Vipimo vyote hapa ni vya mfumo wenye maji lita 1,000 kwa jumla (tangi la samaki, kitanda cha kokoto cha mboga, na mabomba) na mita 2 za mraba za kupandia. Kama wako ni lita 500, tumia nusu.

Uwe na kipimo cha matone cha pH, amonia (taka ya samaki), nitriti na nitrati (bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati), mizani inayosoma hadi gramu 1, ndoo ya lita 20, na daftari. Vijiti vya karatasi vya kuchovya havitoshi: tofauti ya pH 6.8 na 7.4 hutaiona vizuri, na hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

Hatua ya 1: Pima chakula, usikisie

Karibu mbolea yote ya mfumo inaingilia mdomoni mwa samaki. Gramu 100 za chakula chenye protini asilimia 32 zina takriban gramu 5 za naitrojeni. Kwa mboga za majani (mchicha, chainizi, saladi, sukuma wiki) FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wanapendekeza gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kwa nyanya na pilipili gramu 50 hadi 80. Kwa hiyo mita 2 za mboga za majani zinahitaji gramu 80 hadi 100 kwa siku. Sato wa gramu 200 hula karibu asilimia 2 ya uzito wake, yaani samaki 25 hivi watamaliza gramu 100.

Gawa mara mbili au tatu kwa siku. Kikibaki kinaelea baada ya dakika 15, kitoe na upunguze. Chakula kinachooza majini hutoa amonia na kunyang'anya samaki hewa.

Kisha pima nitrati kila wiki. Kati ya miligramu 20 na 80 kwa lita mambo ni sawa. Ikipanda juu ya 150, mimea ni michache kuliko chakula unachotoa.

Hatua ya 2: Ijue pH yako na inakoelekea

Lenga 6.4 hadi 7.0. Hapo samaki, bakteria na mimea wote wanavumiliana. Ikishuka chini ya 6.0, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati wanazembea. Ikipita 7.5, chuma, manganizi na fosforasi vinaanza kufungika.

Mfumo uliokomaa wenye maji laini (yenye chokaa kidogo) pH yake hushuka yenyewe, kwa sababu bakteria hao huzalisha asidi wakifanya kazi. Kwa hiyo kushuka taratibu ni dalili nzuri. pH ikikaa 7.8 au 8 miezi mitatu mfululizo, kuna kitu kinaishikilia, na mara nyingi ni maji ya kisima au kokoto zenyewe. Ukanda wa pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, maji ya kisima huja na chokaa nyingi.

Kokoto zipime kabla ya kujaza kitanda. Osha chache, zikauke, dondoshea siki. Ukiona vipovu vidogo vinachemka juu ya jiwe, hiyo ni chokaa. Jiwe la namna hiyo litapandisha pH kwa miaka. Weka kokoto za itale au za volkano.

Kushusha pH ya maji magumu (yenye chokaa nyingi), njia salama zaidi ni kuchanganya na maji ya mvua. Mwaga maji ya mwanzo yanayosafisha paa, na usitumie yanayotoka kwenye mabati mapya ya zinki, kwa sababu zinki ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Ukilazimika kutumia asidi, tumia asidi ya fosforiki ndani ya pipa la pembeni: asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani. Acha siku moja, pima tena, kwa sababu pH hurudi juu usiku kucha. Yakitulia ndipo uyatumie kuongezea tangi. Usimimine asidi moja kwa moja kwenye tangi la samaki.

Kupandisha kunaelezwa hatua ya 4, kwa sababu kazi hiyo hiyo ndiyo inayoleta potashi na kalsiamu.

Hatua ya 3: Chuma

Dalili: majani *machanga*, ya juu, yanageuka njano iliyopauka huku mishipa ikibaki kijani, kama wavu uliochorwa juu ya karatasi ya njano. Yakianza majani ya chini, tatizo si chuma.

Misumari yenye kutu ndani ya tangi haisaidii kitu. Kutu haiyeyuki kwenye pH hii. Kinachotakiwa ni chuma cha keleti, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokizuia kuganda majini, na aina inategemea pH:

- EDTA: inafaa chini ya 6.5 tu. Kwa mifumo mingi ya akwaponiki haifai.
- DTPA: hadi karibu 7.5. Hii ndiyo ya kawaida.
- EDDHA: inavumilia hadi 9. Hugeuza maji mekundu kama juisi ya rozela; samaki hawadhuriki, na rangi hufifia baada ya siku kadhaa.

Kipimo ni miligramu 2 za chuma kwa lita kila wiki tatu, kama walivyokuwa wakifanya mtafiti wa akwaponiki James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin. Soma asilimia kwenye pakiti. Lita 1,000 zinahitaji gramu 2 za chuma halisi: DTPA ya asilimia 11 ni gramu 18, EDDHA ya asilimia 6 ni gramu 33. Kosa la kila siku ni kupima gramu 2 za *unga* ukidhani umemaliza. Yeyusha kwenye ndoo, mimina jioni, na funika tangi, maana jua huvunja keleti.

Hatua ya 4: Potashi na kalsiamu, kwa zamu

Upungufu wa potashi huanzia majani ya zamani: kingo zinaungua, kahawia, kama zimepitishwa motoni. Kalsiamu huanzia machanga: ncha za saladi zinakauka, matako ya nyanya yanaoza.

pH ikishuka hadi 6.4, pandisha kwa zamu. Wiki hii gramu 20 za bikaboneti ya potasiamu. Wiki ijayo gramu 5 za chokaa iliyozimwa, safi, isiyo na rangi wala gundi. Yeyusha kwanza kwenye ndoo nzima ya maji, mimina polepole kwenye kitanda, mbali na samaki. Pima baada ya saa kadhaa. pH isipande zaidi ya 0.3 kwa siku. Chokaa iliyozimwa huchoma macho na ngozi, kwa hiyo glavu tena.

Kama pH haishuki kabisa (maji magumu), kalsiamu unayo ya kutosha. Potashi yako itoke kwenye salfeti ya potasiamu: gramu 50 huleta kama miligramu 20 kwa lita. Magnesiamu ikipungua (majani ya zamani njano kati ya mishipa), gramu 100 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu). Usichanganye salfeti na chokaa kwenye ndoo moja, zinaganda.

Hatua ya 5: Usimwage tope

Tope la samaki lina fosforasi nyingi. Liweke kwenye ndoo yenye jiwe la hewa (jiwe la pampu linalotoa mapovu) siku 10 hadi 14, zima hewa, liache litulie, rudisha maji ya juu. Likinuka yai viza, hewa haikutosha. Hilo peleka bustanini, lisirudi kwenye mfumo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeweka DTPA siku nne zilizopita, majani bado ni ya njano. pH ni 8.1. Niongeze?
Usiongeze, ndugu. Kwenye 8.1 DTPA haishiki. Tumia EDDHA, na wakati unarekebisha maji, nyunyizia majani DTPA gramu 1 kwa lita, jua likishazama. Majani yaliyokwisha kupauka huenda yasirudi kijani. Angalia yanayochipua wiki ijayo.

Naweza kuweka mbolea ya DAP au CAN kidogo? Ninayo ya shambani.
Hapana. Zote zina amonia. Kwenye nyuzi 28 na pH 7, sehemu yenye sumu ya amonia haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inafika 6 hadi 7. Kijiko kile kile kisichoonyesha madhara kwa mwenzako kinaweza kuua tangi lako zima.

Na majivu ya jikoni? Nasikia yana potashi.
Ni kweli yanayo, pamoja na kalsiamu, lakini hayapimiki: kila kuni na majivu yake. Kama pH yako iko chini ya 6.4 na huna kingine, tumia majivu ya kuni safi, kijiko kimoja cha chai ndani ya ndoo, chuja, mimina maji yake kidogo kidogo ukipima. Ya mbao zilizopakwa rangi au dawa yasiingie kabisa.

Samaki wana fangasi, nimeambiwa niweke chumvi. Mboga zitapona?
Mtibu samaki kwenye chombo cha pembeni, dada. Chumvi ikishaingia kwenye mfumo haitoki ila kwa kubadilisha maji, na sodiamu inashindana na potashi kwenye mizizi. Kwa sababu hiyo hiyo, magadi na baking soda visitumike kupandishia pH.

Nitrati yangu ni 0. Mfumo umekufa?
Tazama amonia. Kama nayo ni 0 na mboga zinakua, mimea inakula kila kinachotoka: ongeza chakula gramu 10 kwa siku, pima baada ya wiki. Kama amonia iko juu na mfumo una wiki mbili tu, bakteria hawajajaa. Punguza chakula nusu na usubiri. Kwa joto letu huchukua wiki tatu hadi sita. Nitriti itapanda katikati ya safari hiyo, kwa hiyo ipime kila siku mbili.