Somo: Soul ya zamani uanzie wapi kama unapenda tarumbeta na mdomo wa bata

Wakuu habari za jioni. Nimeulizwa mara kadhaa mtu akitaka soul na R&B ya zamani, ile miziki ya Wamarekani weusi, aanzie wapi, na naona wengi mnafuata sauti ya mwimbaji tu, nyimbo ya tatu mshachoka. Fuateni wapuliza, yaani wapiga tarumbeta na saksafoni (ndo mdomo wa bata huo). Kwenye soul tarumbeta na mdomo wa bata ni mwimbaji wa pili, anaitikia, anabisha, anamsukuma mwenzake, na ukishamsikia huyo wa pili basi umekwisha. Nendeni kwa mpangilio huu msiruke.

Hatua ya 1. Tafuta hedifoni au spika ya maana. Spika ya simu inameza sauti za chini, kwahiyo saksafoni kubwa ya baritoni, ile inayounguruma kule chini, huipati kabisa.

Hatua ya 2. Otis Redding, Try a Little Tenderness ya 1966. Mara ya kwanza isikilize kawaida. Mara ya pili mwache Otis aimbe zake we kaa na wapuliza. Wanafungua wenyewe taratibu kama watu wanaoingia msibani, wanamwachia nafasi, wanarudi kidogokidogo, dramu inaanza kuchemka, mpaka mwisho wote wanapiga kwa pamoja na Otis anahema kama anapandisha mlima na mzigo. Ukimaliza chukua albamu nzima ya Otis Blue, 1965. Karibu yote ilirekodiwa ndani ya saa 24 hivi pale Stax, Memphis, studio iliyokuwa jumba la sinema na sakafu yake ilibaki na ule mteremko wa viti. Otis hakuwa mtu wa nota, aliwaimbia wapuliza kwa mdomo kila kipande anachokitaka, ndo maana tarumbeta zake zinaongea kama yeye. Sikiliza Satisfaction humo ndani, wimbo wa bendi ya Kiingereza Rolling Stones, kile kipande chao cha gita kawapa wapuliza, halafu niambie.

Hatua ya 3. Respect. Anza na ya Otis maana ni wimbo wake na upo humohumo Otis Blue, kisha ya Aretha Franklin, 1967. Katikati ya hii ya Aretha mpuliza King Curtis anaingia na mdomo wa bata, kifupi tu, sehemu ambayo kwa Otis haipo kabisa. Rudia hapo mara tano.

Hatua ya 4. James Brown, Cold Sweat, 1967. Hapa wapuliza wameacha kuimba, wamekuwa ngoma. Wanachoma tu, pa! wanatoka. Pee Wee Ellis aliyeutunga pamoja na James alikuwa mtu wa jazz, Maceo Parker, mpuliza saksafoni, ndo anaitwa kwa jina katikati ya wimbo apulize. Ukiielewa hii umeelewa funk yote iliyofuata, ile soul ya mdundo mzito.

Hatua ya 5. Sasa rudi nyuma. Louis Jordan, Caldonia, 1945, bendi ndogo tu lakini inajaza ukumbi. Halafu Ray Charles, What'd I Say, 1959, ilizaliwa jukwaani, nyimbo zilimwishia na muda bado upo akaanza kubuni palepale.

Hatua ya 6. Miaka ya 70 nendeni wenyewe: Al Green na Let's Stay Together, Tower of Power na What Is Hip? ya 1973 (wapuliza watano, baritoni ya Doc Kupka ndo uti wa mgongo), Earth, Wind & Fire, na Superstition ya Stevie Wonder, 1972, ambayo ni tarumbeta moja na saksafoni moja tu na ukisikia unadhani ni kikosi.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona Motown, ile kampuni ya rekodi ya Detroit, umeitupa?
Jibu: Sijaitupa kaka, ila pale mara nyingi wapuliza wamefunikwa na vinanda, matari na waitikiaji. Chukua Heat Wave ya Martha and the Vandellas, 1963, na Shotgun ya Junior Walker, 1965, huyo anaimba na kupuliza mwenyewe.

Swali: Bando langu dogo, nipe albamu moja tu.
Jibu: Otis Blue. Sina wasiwasi kabisa na jibu hili.

Swali: Mzee wangu anasema soul iliwahi kupigwa marufuku Dar, ni kweli?
Jibu: Kweli kabisa, mwisho wa 1969, agizo la mkuu wa mkoa wa Pwani, na Dar wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa huo. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Mheshimu mzee wako, muulize alicheza wapi.

Swali: Niko Lubumbashi, huku kwetu wapuliza tunao wa rumba, kuna uhusiano?
Jibu: Upo ndugu. James Brown alipiga Kinshasa 1974, tamasha la kabla ya pambano la Ali na Foreman. Na msikilize Verckys, mpuliza saksafoni wa Kongo, baada ya kutoka OK Jazz, bendi ya Franco, mdomo wake wa bata una soul waziwazi.

Swali: Shikamoo. Napiga tarumbeta kwaya ya kanisani, tuko wawili tu, mwenzangu ana saksafoni. Tuige nani?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, mko wawili na mmetimia. Wayne Jackson tarumbeta, Andrew Love saksafoni ya tenori, hao wawili ndo Memphis Horns, wapo kwa Otis, wapo kwa Sam & Dave, wapo kwa Al Green. Anzeni na Hold On, I'm Comin' ya 1966, ule mwanzo wake wa wapuliza. Pigeni sauti moja kwanza, fupifupi, na fanyieni mazoezi kukata pamoja kuliko kuanza pamoja, maana mkiachia noti kila mtu kwa wakati wake hata asiyejua muziki atasikia. Mwimbaji akiwa anaimba nyamazeni, akivuta pumzi ingieni.