Nati za wili, kabla hujatoka Nakuru
Fundi wa pancha akishakufungia taya na ile mashine ya upepo usiondoke tu, gari ikishashuka chini zikaze mwenyewe na wili spana kwa kuruka nati moja moja, si kuzifuata kwa duara, ndio wili ikae sawa. Usizipake oili, na hiyo ya kupanda spana na miguu wachana nayo, gari nyingi ndogo za saluni zinataka kukazwa kama 100 Nm tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukifika Kericho, kama kilomita 100 hivi, simama uzicheki tena. Alafu speya, buda, ijaze upepo leo, wengi hubeba taya imelala mpaka waipate hivyo Londiani usiku na mvua. Jeki, mawe mawili, tochi, laifseva (ile pembetatu ya kuonya magari), zote kwa buti.