Ndege wa kaskazi Bagamoyo: anza na maji, darubini baadaye

Siku ya kwanza nilipokwenda pwani ya Bagamoyo kutazama ndege wa kaskazi, yaani wahamiaji wanaotujia kutoka kaskazini msimu wa upepo huo, nilifika saa nne asubuhi, siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, na darubini ya kuazima. Maji yalikuwa yamepwa hadi huko. Ndege walikuwepo tele, lakini wote ukingoni mwa maji, vidoa tu, na jua limenikaa usoni. Mama mmoja aliyekuwa akirudi na pweza wake akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akacheka: "Subiri maji yajae, watakuja wenyewe."

Hatua ya 1: soma maji

Kalenda ya mwezi mwandamo inatosha. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hapa hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo siku ya bamvua njoo saa saba na nusu. Maji yanapopanda, eneo la kulia chakula linapungua na ndege wanasukumwa kuelekea kwako. Tena pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mchana jua liko mgongoni na rangi zinaonekana. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua moja na nyingine, hujaa asubuhi, nayo hayafiki mbali. Siku hizo mimi hulala.

Hatua ya 2: chagua pa kukaa

Anzia soko la samaki, karibu na Forodha ya kale, majahazi yanapoegeshwa. Hapo utapata yangeyange, shakwe na kunguru wengi kupita kiasi (hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na mayai ya ndege wengine hayasalimiki kwao). Kaa chini. Mtu aliyeketi kando ya ngalawa hawamwogopi kama aliyesimama. Usielekeze kamera kwa watu wanaopaa samaki kabla ya kuomba ruhusa.

Maji yakishajaa kabisa, ndege huenda kupumzika. Wengine hutua kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na sululu, yule mkubwa wa mdomo uliopinda kama jina lake, utamkuta juu ya matawi ya mikoko upande wa Kaole.

Hatua ya 3: tazama mwendo kabla ya rangi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, maana ndege wa kaskazi wamevaa nguo za safari: kijivu juu, nyeupe chini, wote. Wavuvi huwaita wadogo hao vitwitwi, basi. Usihangaike na manyoya, tazama anavyokula.

Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa, kisha akakimbia tena, anawinda kwa macho. Mdomo wake ni mfupi na jicho ni kubwa. Mkubwa wa kundi hilo, wa kijivu, mngoje aruke: ana kwapa jeusi, na hakuna mwingine hapa mwenye alama hiyo. Anayetembea ameinama huku akichoma matope kama cherehani, anawinda kwa kupapasa. Mdomo ni mrefu. Kama umepinda chini kidogo na yeye ni mdogo, huenda amezaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia. Ukimwona Aprili amegeuka mwekundu kama tofali, jua anakaribia kuondoka. Na kuna mmoja wa miguu mifupi ya manjano, mdomo umepinda juu, anayekimbiza kaa kama mlevi. Huyo ndiye nimpendaye.

Mla kaa mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mnene, mimi humwona mara chache. Hutaga yai moja ndani ya shimo la mchanga, pwani za Uarabuni na Somalia, kisha husafiri na mwanawe na kuendelea kumlisha hata akiwa huku.

Hatua ya 4: andika

Tarehe, saa, hali ya maji, idadi. Kundi kubwa lihesabu kumikumi.

Maswali ya wasomaji

*Dada Rehema, Magomeni:* Kaka, ninunue darubini ya namba gani?

8x42. Nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya 10 inavutia dukani, lakini upepo wa kaskazi ukikutikisa mkono hutaona kitu. Ya mitumba si mbaya. Ijaribu kwanza kama haikupi picha mbili.

*Juma:* Mbona Julai niliwaona sululu wawili? Si umesema Aprili wanaondoka?

Wakubwa huondoka. Wengi wa waliozaliwa mwaka uliotangulia hawana haja ya kwenda kuzaa, kwa hiyo hubaki huku kusi nzima.

*Mama Salma:* Mwanangu aliona ndege mwenye pete mguuni. Tufanye nini?

Msimkamate, mama. Andikeni rangi, mguu upi, herufi kama zinasomeka, na mpige picha. Kisha wapelekeeni Nature Tanzania, shirika la kuhifadhi ndege na mazingira. Pete ile imevishwa na mtu anayengoja habari.

*Mzee wa Dunda:* Kijana, umewasahau buabua. Wakijitupa majini pamoja, chini yao pana dagaa, na chini ya dagaa pana jodari. Ninyi mnawahesabu, sisi tunawafuata.

Shikamoo mzee. Kweli nimewaacha, kutoka ufukweni naona tu midomo, wa chungwa na wa manjano, nabaki kubishana na nafsi yangu. Chombo chako kinatoka saa ngapi, nami nije?

*Mzee wa Dunda:* Marahaba. Saa tisa usiku. Hiyo darubini iache nyumbani, itaingia chumvi.