Somo: Jinsi ya kuyeyusha na kumimina risasi za mshipi na nyavu mwenyewe

Mwangaluka wakuu. Nimeulizwa sana hili jambo hapa mwaloni (wanaposhushia samaki), leo naliandika lote mara moja. Risasi ninayoisema ni ile ya kuzamishia mshipi (uzi wa ndoano) na kamba ya chini ya wavu, sio ya bunduki. Mimi navua sangara kwa mshipi upande wa Igombe, Mwanza, na risasi zangu zote namimina mwenyewe, za dukani ni ghali na ukikwama kwenye mawe ukakata mara tatu kwa usiku mmoja faida imeisha.

Kuna wanaosema jiwe linatosha. Linatosha ukiwa karibu na ufukwe. Ila chukua kilo moja ya jiwe na kilo moja ya risasi uzizamishe, jiwe huko majini linabaki na uzito wa kama gramu 630 tu na risasi inabaki na 910, halafu risasi ni ndogo mkondo hauishiki. Ziwa letu la Victoria sehemu nyingine linafika mita 80 kwenda chini, pale ndio utaona tofauti.

Hatua ya 1, mahali. Nje kabisa, upepo ukupige mgongoni moshi uende mbele. Sio jikoni, sio barazani wanapocheza watoto. Risasi ni sumu, ikiingia kwenye damu ya mtoto inaharibu ubongo na hairekebishiki, na mtoto haumwi siku hiyo hiyo ili ujue. Naomba hapa tusidanganyane jamani. Vaa suruali ndefu, kiatu kilichofunika (kandambili hapana), glavu za ngozi na miwani ya kioo cheupe.

Hatua ya 2, kutafuta mali. Gereji za Nyakato wanazo zile za kubalansia tairi, zilizotolewa wanakuuzia kwa bei ya skrepa. Zibane moja moja na plaizi. Ikibonyea kirahisi ni risasi, ikigoma ni zinki au chuma, weka pembeni. Nyingine zimeandikwa kabisa Zn au Fe. Ukiwa na mabaki ya nyavu za zamani nayo ni mali nzuri, lakini soma hatua inayofuata kwanza.

Hatua ya 3, KUKAUSHA. Hapa ndio nataka mnisikilize. Mwaka fulani nilikuwa na risasi za wavu wa zamani, nimezianika juani siku mbili, kwa nje kavu kabisa zinang'aa. Nikayeyusha nusu sufuria, ikaiva, nikaongeza moja kwa koleo. Ndani ya tundu lake kulikuwa na kipande cha kamba kimeoza kimeshika maji ya ziwa. Ilipozama tu nikasikia "pwaa" na risasi yote ikaruka juu kama uji unaochemka, imenipiga mkono huu wa kulia kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, na tone moja likashika kwenye kioo cha miwani mbele ya jicho la kushoto. Ile miwani ninayo mpaka leo, tone bado limeganda pale pale. Tone la maji likigeuka mvuke linatanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, likiwa chini ya risasi iliyoyeyuka halina pa kutokea isipokuwa kukurushia. Kwa hiyo toa kamba zote kwenye matundu kwa msumari, halafu weka risasi kwenye chombo cha chuma kikiwa BARIDI, ndio uwashe moto, zikauke na kuyeyuka pamoja. Usiongeze risasi nyingine kwenye iliyokwisha kuiva. Na mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwani acha, utafanya kesho.

Hatua ya 4, kuyeyusha. Jiko la mkaa na chombo cha chuma kizito, kipande cha bomba kilichochomelewa kitako kinafaa sana. Sufuria ya alumini usithubutu, mkaa ukipulizwa vizuri unaweza kuitoboa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, zinki inataka 420, kwa hiyo usipozidisha moto zinki iliyokuponyoka itaelea juu na utaiopoa. Tupia kipande kidogo cha mshumaa, koroga na upawa wa chuma uliopashwa moto, taka zitapanda juu zote, toa.

Hatua ya 5, kumimina. Kalibu yangu (umbo la kumiminia) ni ya chuma vipande viwili, fundi welda alinichongea. Ifukize kwa moshi wa koroboi mpaka iwe nyeusi ndani, risasi haitaganda kwenye kuta. Tundu la kupitishia mshipi unalipata kwa spoku ya baiskeli, nayo ifukize, ipitishe katikati, mimina kwa mkupuo mmoja bila kukatiza, hesabu mpaka kumi na tano, vuta spoku kwa plaizi ikiwa bado ya moto. Ukichelewa haitoki.

Ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, nguo zifuliwe peke yake. Chombo hicho hakirudi jikoni maisha.

MASWALI

Mkuu, zangu zinatoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, tatizo nini?
Kalibu ni ya baridi. Tano sita za kwanza huwa hivyo, zirudishe kwenye mzunguko unaofuata. Zikianza kutoka na ukungu mweupe ujue sasa imepata moto kupita kiasi, pumzika kidogo.

Kaka vipi betri mbovu za gari? Ninazo nne.
Hapana ndugu yangu, usizipasue. Kuna asidi na unga wa risasi unaopeperuka. Owino Uhuru kule Mombasa walikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri jirani na nyumba za watu, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Peleka kwa wanaonunua zikiwa nzima.

Babu aliacha gobole, njia hii hii inafaa?
Hilo sifundishi. Kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, na hata gobole lenyewe kama halina kibali lipeleke polisi.

Nitajuaje kalibu itatoa gramu ngapi kabla sijamimina?
Ijaze mchanga mkavu laini (sio maji!), umwage kwenye bomba la sindano usome ni mililita ngapi, kila mililita moja ni gramu 11 na kidogo. Ikisoma 5 utapata kama gramu 56. Mimi kwa sangara natumia hiyo, usiku wa upepo nafunga mbili.