Kusoma tokeni za nyumba za mvinyo za Uingereza, 1648–1672

Tokeni hizi ni vipande vidogo vya shaba ambavyo wafanyabiashara walivitoa wenyewe vitumike kama chenji. Usianze kwa kusafisha. Siki, limau na brashi ya waya hula shaba, na herufi zikishaondoka hazirudi. Tope likizidi, loweka kwenye maji yaliyokenekwa, kisha litoe kwa kijiti laini cha mbao. Unga wa kijani hafifu unaopukutika ni ugonjwa wa shaba: tenga kipande hicho na vingine, kihifadhi pakavu.

Weka taa upande mmoja, chini karibu na usawa wa meza, kisha zungusha tokeni taratibu. Kivuli huinua herufi zilizolika kuliko mwanga wa juu.

Pima kipenyo. Tokeni ya thamani ya robo peni huwa kama milimita 15 au 16. Nusu peni huzidi kidogo, na nyingi ni za miaka ya 1660. Hilo husaidia pale ambapo mwaka haukuandikwa.

Maandishi ya ukingoni huanza juu, kwenye nyota au ua dogo. Upande mmoja hutaja mwenye nyumba, au “AT THE” (yaani “kwenye”) na jina la alama iliyotundikwa nje ya nyumba yake. Sentensi huendelea upande wa pili kwa mtaa au mji. Tahajia ni ya kufuata sauti, kwa hiyo tamka kwa sauti kabla ya kukata tamaa.

Utamu wote uko kwenye herufi tatu za katikati. Ya juu ni ya jina la ukoo, ya chini kushoto ni ya mume, ya kulia ni ya mke. H juu, I na M chini: huyo aweza kuwa John na Mary, kwa sababu I ilisimama pia badala ya J. Zikiwa mbili tu, mke hakutajwa.

Wengi huteleza kwenye picha ya alama hiyo iliyochapwa kwenye tokeni. Nyumba hazikuwa na namba, hivyo hata muuza dawa alitundika alama. Simba peke yake hathibitishi mvinyo. Mapipa matatu yana uzito zaidi, maana yamo kwenye nembo ya chama cha wauza mvinyo wa London.

Ukishapata mtaa na herufi tatu, fungua daftari za ubatizo za parokia hiyo na orodha za kodi ya meko, iliyoanza 1662. Mume peke yake hatoshi, kwani akina John ni wengi. Tafuta jozi, mume na mke pamoja.