Jua namba ya difu kabla ya kuongeza tairi

Tairi kubwa kwenye pikapu ya otomatiki hulifanya gari liwe zito kuondoka. Toki konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) inateleza muda mrefu, mafuta ya giaboksi yanapata moto. Dawa ni difu (gia za ekseli) yenye namba kubwa zaidi; namba hiyo ni mizunguko ya propela, shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Pima difu uliyo nayo kwanza. Zuia tairi za mbele kwa mawe, weka nyutro, shusha handibreki, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Lizungushe mara 20, mwenzako ahesabu propela: mizunguko 41 gawa kwa 10 (gurudumu moja likizunguka peke yake, mizunguko 20 huhesabiwa nusu), difu ni 4.1. Ukitoka tairi ya inchi 29 kwenda 33, chukua 4.1, zidisha 33 gawa 29: tafuta difu inayokaribia 4.67. Foo-wili (gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne) badilisha difu zote mbili, mbele na nyuma. Gurudumu likigoma kuzunguka, difu ni ya kujifunga (magurudumu mawili huzunguka pamoja). Inua yote mawili, zungusha mara 10.