Berlin kwa siku mbili: anza na kuba la Bunge, mengine yatapangika

Safari nyingi za Berlin huharibiwa na mambo mawili: kufika mlangoni pa Bunge bila kibali, na kufika makumbusho siku ya Jumatatu ukakuta milango imefungwa. Panga siku zako mbili ziikwepe Jumatatu, kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Kibali cha kuba

Fanya hili kabla hata hujafunga begi. Kupanda kuba la vioo lililo juu ya jengo la Reichstag, makao ya Bunge la Ujerumani, ni bure, ila bila kujiandikisha huingii. Fomu iko kwenye tovuti ya Bunge, bundestag.de, na kuna ya Kiingereza. Utachagua tarehe na saa, utaweka barua pepe yako, halafu utaletewa kiungo. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Bado! Fungua kiungo, jaza jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu mnayekwenda naye, watoto pia, ndipo utume. Ujumbe unaofuata husema tu kwamba ombi limepokelewa, na huo nao si kibali. Kibali ni ule unaothibitisha siku na saa yenu. Usipouona, tazama kwenye barua taka.

Saa kwenye fomu ni za Kizungu, mtindo wa 24. Ukiona 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Saa kumi jioni imeandikwa 16:00. Kosa hili dogo hukupotezea nafasi yote, maana ukichelewa sana huna cha kuwaeleza. Muda mzuri kuliko yote ni kama saa moja kabla ya jua kuzama: Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni ni karibu saa tatu na nusu usiku.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Kama pasipoti ina majina matatu, andika yote matatu, hata kama kazini unajulikana kwa mawili. Mlangoni orodha hulinganishwa na kitambulisho chenyewe, kwa hiyo usitegemee picha ya pasipoti iliyo kwenye simu. Fika robo saa kabla. Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege. Kisu cha kumenyea matunda kiache hotelini.

Mtandaoni pamejaa? Kuna ofisi ndogo ya wageni Scheidemannstraße, ng'ambo ya barabara upande wa bustani ya Tiergarten. Nafasi zilizobaki hugawiwa hapo, lakini angalau saa mbili kabla ya muda wa kuingia, basi usiende ukitarajia kupanda papo hapo. Nenda asubuhi mapema, kila mmoja na pasipoti yake.

Ukishafika juu, chukua kifaa cha sauti, ni bure. Kuba ni kazi ya msanifu Norman Foster, lilifunguliwa 1999, na lina kimo cha mita 23. Kuna siku hufungwa kwa usafi, ukabaki kwenye paa tu. Tovuti hutangaza siku hizo, kwa hiyo zitazame kabla ya kuchagua tarehe.

Hatua ya 2: Tiketi

Kwa usafiri wa umma, mji umegawanywa kanda A, B na C. Uwanja wa ndege wa BER uko C, hivyo kuingia mjini nunua ABC. Baada ya hapo AB inatosha. Tiketi ya karatasi ya mashine igonge muhuri kwenye kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa huhesabiwa kama hakuna, na faini ni euro 60. Vituo havina mageti, wakaguzi mara nyingi huvaa kiraia, na kusema "mimi mgeni" hakusaidii.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza

Achana na mabasi ya watalii. Panda basi namba 100 pale kituo cha Zoologischer Garten, ukae ghorofa ya juu mbele kabisa: kwa tiketi ya kawaida utapita Siegessäule (mnara wa ushindi) na Reichstag. Shukia Brandenburger Tor, lango lililojengwa 1788 hadi 1791. Sanamu ya farasi wanne iliyo juu yake Napoleon aliibeba hadi Paris 1806, ikarudishwa 1814.

Dakika chache kusini kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, vitalu 2,711 vya zege. Ingia hadi katikati, ambako mnatengana, na kelele za barabara hupungua. Usipande juu ya vitalu.

Kisha Wilhelmstraße 92. Ni bango tu mbele ya majengo ya makazi, lakini hapo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Berlin wa 1884–85.

Mchana, Museumsinsel, yaani kisiwa cha makumbusho. Ingia Neues Museum kwa ajili ya sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale (kukipiga picha ni marufuku). Pergamonmuseum ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mrefu. Thibitisha kabla ya kuipanga.

Hatua ya 4: Siku ya pili

Kwa Ukuta wa Berlin, nenda Bernauer Straße, kituo cha Nordbahnhof. Panda mnara uone ukanda wa mauti, eneo lililolindwa nyuma ya ukuta, kutoka juu, hakuna kiingilio. Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, iruke: kile kibanda ni cha kuigiza.

Kutoka Nordbahnhof tembea kwa Invalidenstraße hadi Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya viumbe. Mifupa ya dinosaria iliyosimama ukumbini, kimo chake mita 13.27, ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba hadi bandarini. Itengee saa mbili.

Kituo cha Naturkundemuseum kiko karibu. Panda U6, treni ya chini ya ardhi, kuelekea Alt-Tegel, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße, utembee hadi Maji-Maji-Allee. Barabara hiyo ni kipande cha iliyokuwa Petersallee, jina lililowekwa 1939 kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Kijerumani Afrika Mashariki, likabadilishwa 2024. Ramani za zamani bado zina jina la awali. Kurudi mjini ni U6 hiyohiyo, upande wa Alt-Mariendorf.